Jani kwa Jani: "Majani yetu mliyapeleka wapi?"

Mwezi huu nimechagua barua tatu zinazogusa jambo moja, yaani wataalamu wa mimea wanaoingia katika misitu ya vijiji. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu mwandishi wake ana uamuzi wa kufanya kabla ya masika. Walioniandikia kuhusu michungwa inayokauka naomba wanisubiri hadi toleo lijalo.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji chetu huku Kilwa. Tunao msitu wa kama hekta 400, na mkutano mkuu umekubali tuutenge uwe hifadhi ya kijiji. Mifugo imeanza kuingia, na wakulima wa ufuta wanaumega kila mwaka. Afisa misitu ametushauri tutafute mtaalamu afanye tathmini ya mimea kabla ya kuandika mpango wa usimamizi. Wazee wanasema huko ni kupoteza fedha, kwa sababu miti yote wanaijua kwa majina. Wengine wanaogopa kwamba ukionekana mti wa maana, serikali itatunyang'anya msitu. Tufanyeje?
Katibu, Kilwa

Marahaba, Katibu. Nianze na wazee wenu, maana wamesema kweli.

Nilianza kazi ya kukusanya na kukausha mimea mwaka 1986, nikiwa na miaka 22, na mpaka nastaafu sijawahi kuingia msitu wa pwani bila mwenyeji kutangulia. Mwenyeji huukwangua mti kwa ncha ya panga, akanusa, akakutajia jina wewe hujafungua hata begi. Nimeona maprofesa wakinyamaza kumsikiliza mama aliyekuja msituni kuchimba ming'oko. Tathmini inayofanywa bila watu kama hao ni mbovu tangu siku ya kwanza, na mtaalamu akiwaambia hawahitaji, mwambieni safari njema.

Lakini jina la mwenyeji lina mahali linapoishia. Kwetu Kisarawe mkole ni mti wa unyago. Mwali hufundwa chini yake, na maana ya nyimbo zake haisemwi gazetini. Nilipoingia kazini nilijua mkole ni mti mmoja. Nikaja kufundishwa kwamba tunaita mkole miti kadhaa ya jamii ya Grewia, mingine imejaa kila kichaka na mingine ni ya kutafutwa. Kuna na kinyume chake. Huo mkongo wenu, ukivuka mpaka ukafika Mombasa unaitwa mbambakofi, na kitabuni ni Afzelia quanzensis. Sasa mpango wenu ukiandikwa "mkole, mkole, mkole", msomaji wa Dodoma atajuaje ni upi? Na anayetaka kufyeka atasema mikole iko tele nchi nzima, kuna nini cha kulinda hapo? Jina la wazee linausimamisha mti mbele ya wanakijiji. Jina la kitaalamu linausimamisha mbele ya watu ambao hawajawahi kukanyaga kijijini kwenu, na mara nyingi hao ndio wanaoweka sahihi.

Jina la kitaalamu nalo halitoki kichwani mwa mtaalamu. Linatoka kwenye tawi. Hukatwa tawi la kutosha ukurasa wa gazeti uliokunjwa, lenye ua au tunda, kwa kuwa majani matupu huwapotosha hata waliobobea. Tawi hupewa namba, huwekwa ndani ya gazeti, juu yake karatasi ya kunyonya unyevu, kisha kadibodi, na fungu zima hukazwa kwa mikanda kati ya mbao mbili. Yale ambayo kukauka kutayafuta huandikwa palepale: rangi ya ua, harufu, utomvu ni mweupe au mwekundu, mti una urefu gani, umeota kwenye kichanga au juu ya mwamba, vipimo vya GPS, na jina alilotaja mwenyeji. Huchukuliwa nakala tatu au nne za mmea uleule. Mpaka leo ukifungua mafungu ya zamani unakuta jani la msitu wa Pugu limelala juu ya habari za mpira za gazeti la Uhuru, na unajua mwaka hata kabla ya kusoma lebo.

Tawi likikauka hupelekwa hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa. Iko moja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ya Taifa iko Arusha. Hebaria ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi ilianzia Amani, kule Usambara, mwaka 1902. Humo tawi lenu hulinganishwa na matawi mengine na kile kitabu kikubwa cha mimea ya nchi zetu tatu, Flora of Tropical East Africa, ambacho sehemu yake ya kwanza ilitoka 1952 na ya mwisho 2012. Kina aina zaidi ya 12,000. Mtu mmoja hawezi kuzibeba kichwani, ndiyo maana kazi ya hebaria huchukua siku nyingi kuliko ya msituni. Baada ya hapo tawi linakaa kabatini, likitunzwa litatukuta sote tumeondoka. Akitokea mtu wa kubisha kwamba mti fulani haupo katika msitu wenu, mnamwambia aende akafungue kabati, atazame namba fulani.

Mtaalamu ataomba pia kupiga mistari msituni na kuweka ploti, yaani vipande vya msitu vilivyopimwa. Ndani ya ploti kila mti hupimwa unene kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Hapo vijana wa kamati washike kazi: mmoja kamba, mmoja dira, mmoja daftari. Na visiki vihesabiwe, vibichi mbali na vya zamani. Kisiki kibichi kinasema nani yumo msituni mwaka huu, wala hakuna sehemu ya ripoti iliyowahi kuamsha mkutano wa kijiji kama jedwali la visiki.

Angalia tu msichanganye mambo mawili. Ipo hesabu ya miti ya mbao, ambapo mpingo, mninga na mkongo hupimwa ili kijiji kijue kinaweza kuvuna kiasi gani. Huko Kilwa mnaifahamu, maana shirika la Mpingo Conservation and Development Initiative lilipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha misitu inayosimamiwa vizuri, mwaka 2009, na vijiji vya wilaya yenu vikauza magogo kwa cheti hicho. Ni kazi nzuri, ila haitazami kichaka, mtambaa, ukindu wala ua la chini. Msikubali kuhesabiwa magogo mkadhani mmehesabiwa mimea.

Kwa nini mjisumbue na vichaka? Nitakujibu kwa miti miwili ya wilayani kwenu.

Wa kwanza ni Erythrina schliebenii, mti wa maua mekundu wenye miiba shinani. Ulikusanywa upande wa Lindi miaka ya 1930, kisha usionekane tena. Mwaka 1998 uliandikwa katika orodha ya kimataifa kuwa umetoweka duniani. Mwaka 2001 ukakutwa katika msitu wa Namatimbili, huko huko Kilwa, na mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakauona tena. Miti mikubwa iliyojulikana wakati huo haikufika 50.

Wa pili ni Karomia gigas, na huu naupenda kwa namna ambayo siwezi kuificha. Ni ukoo mmoja na mrehani na kivumbasha. Fikiria mrehani wa dirishani kwako una ndugu anayesimama msituni, mrefu kama mnazi! Ulijulikana kwanza kwa mti uliokusanywa pwani ya Kenya mwaka 1977, na mti ule baadaye ukakatwa. Mwaka 2011 wataalamu wa Dar es Salaam walikuta michache Kilwa. Matunda yake hushambuliwa na ukungu, kwa hiyo kuuotesha kumekuwa vita. Mwaka 2018 mbegu zake zilipelekwa Missouri Botanical Garden, Marekani, wakajitahidi hadi miche ikaota. Fedha, maabara, safari ya kuvuka bahari, vyote kwa ajili ya mti ambao mchoma mkaa wa kijiji cha jirani angeumaliza kwa asubuhi moja bila kujua kakata nini. Simlaumu, kwani nani alimwambia?

Na iko habari ya karibuni kutoka Udzungwa. Mwaka 2019, katika tathmini ya mimea, wataalamu waliukuta mti wa kimo cha mita 40 hivi ambao sayansi haikuwa na jina lake. Mwaka 2025 ulitangazwa rasmi kwa jina la Tessmannia princeps. Kwa kuhesabu duara za shina, walikadiria kwamba mikongwe kati yake huenda imeishi miaka 2,000 hadi 3,000. Mmojawapo wa misitu ulikokutwa ni msitu wa Uluti, ambao ni hifadhi ya kijiji, msitu wa watu kama ninyi, wenye kamati na mtendaji na vikao vinavyochelewa kuanza. Na kati ya waliouandika mti huo kitaalamu wamo Watanzania waliokulia na kufanya kazi palepale chini ya milima hiyo.

Hofu ya kunyang'anywa siidharau, maana watu wameona mengi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaitambua hifadhi ya msitu wa ardhi ya kijiji, na inasema kijiji ndicho msimamizi wake, kupitia halmashauri yake, mpango wake na sheria ndogo zake. Mti adimu kuonekana ndani yake hakuondoi hilo. Kwa maoni yangu msitu unaochukulika kwa urahisi ni ule usio na karatasi: mipaka haijasafishwa mkuza, mpango hauna, orodha hauna, na mtu akiuita "pori" hakuna wa kumkatalia. Neno "pori" limefyeka misitu mingi kuliko shoka.

Sasa niseme jambo ambalo nimelibeba miaka mingi.

Mwaka 1994 nilikuwa katika timu iliyokaa wiki tatu katika kijiji kimoja cha kusini. Tulipokewa vizuri mno. Mzee mmoja alituongoza kila siku kuanzia alfajiri, pekupeku, na jioni alikaa nasi karibu na jiko la mafuta tulikokaushia mafungu, akitusahihisha majina tuliyoyaandika vibaya. Tuliondoka na matawi zaidi ya 300. Ripoti iliandikwa kwa Kiingereza, ikapelekwa kwa waliotulipia safari, ikawekwa rafuni. Kijijini haikurudi hata nakala moja. Mwaka 2001 nikapita tena kwa kazi nyingine. Mahali palipokuwa na msitu palikuwa na ufuta. Yule mzee hakunikaripia. Alinitolea kigoda, akaniletea maji, akanisubiri ninywe, ndipo akauliza: "Mwanangu, majani yetu mliyapeleka wapi?"

Nilijua yalipo. Ningeweza kumtajia kabati na rafu. Lakini akanieleza kwamba walipokwenda wilayani kulalamikia ufyekaji waliulizwa msitu wao una kitu gani cha pekee, nao wakakosa cha kuonyesha zaidi ya maneno. Karatasi ya kuonyesha ilikuwepo. Kurasa zake kumi na moja nilizichapa mimi kwa mkono wangu.

Kwa hiyo, Katibu, msimlipe mtu wala kumruhusu kuingia kabla hamjaandikiana. Iandikwe kwamba ripoti itarudi kwa Kiswahili, yenye majina ya wazee wenu, Kimatumbi au Kingindo au chochote wanachosema, kando ya jina la kitaalamu. Iandikwe kwamba itasomwa kwa sauti katika mkutano mkuu, si kukabidhiwa kwa mtendaji ndani ya bahasha. Nakala moja ya matawi ibaki wilayani au shuleni kwenu, imefungwa vizuri na kuwekewa dawa ya wadudu, na namba za yaliyokwenda hebaria zibaki kwenye daftari la kamati. Wanakijiji waliofanya kazi walipwe posho inayoeleweka, na majina yao yaandikwe kwenye lebo za matawi kama wakusanyaji, maana ndivyo walivyo. Na ramani ya ulipo mti adimu, ile ya kuonyesha hatua kwa hatua, ibaki mikononi mwenu na mwa hebaria tu. Ripoti ya kusambazwa itaje msitu, isitaje kilima.

Msikubali aje Agosti peke yake. Wakati huo nusu ya msitu wenu umepukutisha majani, na atarudi na orodha ya miti aliyoikisia. Aje masika, mengi yakiwa na maua na nyasi zimekomaa kidogo, kisha arudi wakati wa matunda. Kwa msitu wa hekta 400 timu yetu ilikuwa ikikaa siku nane hadi kumi kila safari. Fedha nyingi huishia kwenye gari, posho, na wiki za hebaria baada ya safari. Anayewaahidi kumaliza yote kwa siku mbili anakuja kuwauzia orodha aliyoinakili mahali pengine. Kama mfuko wa kijiji haufiki, ongeeni na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, au na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania. Wamepita njia hii na vijiji vingi vya pwani na vya milimani. Na msiache kuwauliza wanafunzi wa shahada ya uzamili wanaotafuta mahali pa kufanyia utafiti. Wakisimamiwa na mwalimu makini kazi yao huwa nzuri, na wanahitaji msitu kama ninyi mnavyohitaji orodha.

Mwalimu, salamu kutoka Kwale. Babu yangu ni mmoja wa wazee wa kaya, msitu mtakatifu wa sisi Wamijikenda. Watafiti wa mimea wameomba kuingia, na mimi niliyesoma chuo nataka wakubaliwe, kwa sababu watu wanaotaka ardhi wamefika ukingoni. Babu anakataa. Anasema kaya haiingiwi ovyo, na kwamba waliokuja zamani walichukua dawa zetu. Nimekwama katikati.
Mjukuu, Kwale

Mjukuu, usitafute kumshinda babu yako. Msitu unaotaka kuulinda umefika mpaka zama zako kwa sababu ya kukataa kwake na kwa waliomtangulia. Pande zote za kaya mashamba yamefika hadi mlangoni, lakini ndani miti imesimama, kwa miiko peke yake, bila uzio wala bunduki.

Ila mweleze na upande wa pili wa historia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Ann Robertson na Quentin Luke walizunguka misitu ya pwani ya Kenya, kaya kwa kaya, wakiandika mimea yake na hali yake. Walikuta mimea adimu katika vimsitu ambavyo kwenye ramani havikuonekana. Kuanzia 1992 serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa zinazolindwa kisheria, na Makumbusho ya Taifa yakawa na kitengo cha kushughulikia misitu ya pwani. Mwaka 2008 kaya kumi za Mijikenda ziliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, Kaya Kinondo ya huko kwenu ikiwa mojawapo, msitu wa hekta 30 tu. UNESCO iliziandika kwa ajili ya utamaduni wa wazee. Orodha za mimea zilisaidia watu wa nje waelewe kwamba mwiko wa mzee ulikuwa unatunza kitu ambacho hata wao wangekipa thamani.

Kuhusu kuingia ovyo, babu ana haki kamili. Kaya Kinondo mgeni hufungwa kaniki kiunoni kabla ya kuvuka, na mtaalamu ni mgeni kama wengine. Mimi nimewahi kufanya kazi katika kaya moja ambako wazee walitupangia mistari wao wenyewe. Walisema hapa piteni, hapa simameni, kule msiangalie. Kule kulikuwa na fingo, kinga ya kaya iliyozikwa ardhini. Mmoja wetu alilalamika kwamba ploti zetu zitakuwa na pengo katikati. Kiongozi wetu akamwambia pengo litaandikwa kama pengo. Tuliandika hivyo, ripoti ikakubalika, na mwaka uliofuata wazee walituita wenyewe kwa msitu mwingine. Kama watafiti wenu hawawezi kuvumilia pengo kwenye karatasi, basi hawajawa tayari kwa kaya.

Hilo la dawa ndilo zito, nami nashika upande wa babu yako. Jina la mti na matumizi ya mti ni vitu viwili. Orodha ya mimea inahitaji jina, ua na mahali. Haihitaji kujua mzizi unachemshwa na nini, kwa ugonjwa gani, na kwa maneno gani. Miaka yangu ya kazi fomu zetu zilikuwa na mstari wa "matumizi", na tulizijaza kwa bidii bila kujiuliza kama tuliyemuuliza alikuwa na idhini ya kusema. Leo ningeuacha mstari huo wazi. Kenya mnayo sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, na kanuni za mwaka 2006 zinazomtaka mtu anayetafuta rasilimali za kijenetiki apate kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa ridhaa ya jamii. Watafiti waonyeshe kibali hicho na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, karatasi mkononi, mbele ya wazee wote na si mbele yako peke yako. Babu akisikia kwamba watapewa majina, na dawa zitabaki alikozificha baba yake, nadhani mtazungumza vizuri. Akikataa bado, waombe watafiti waanze na ukingo wa nje wa msitu. Huko ndiko wenye tamaa ya ardhi wamefika, na huko ndiko orodha inahitajika haraka zaidi.

Jambo dogo, ila usilisahau: wewe uliyesoma uwe ndani ya timu, ushike daftari. Anayeandika ndiye anayejua kilichoandikwa.

Mwalimu, siku hizi ukiupiga mmea picha simu inakutajia jina. Kwa nini kijiji kihangaike na wataalamu na magazeti ya kukaushia?
Mwanafunzi, Morogoro

Nazipenda programu hizo, na nimewawekea wajukuu zangu. Pl@ntNet na iNaturalist zimewafanya vijana watazame majani ambayo jana walikuwa wanayakanyaga, nami nashukuru kwa hilo. Kwa mwarobaini, mjohoro, mkaratusi na maua ya bustani zinapatia vizuri.

Lakini programu hujifunza kutokana na picha zilizokwishapigwa. Mti ambao umepigwa picha mara mia elfu itautambua. Mti ambao haujawahi kupigwa hata moja itaupa jina la ndugu yake anayejulikana, na mara nyingine itakuonyesha jina hilo bila wasiwasi wowote. Katika msitu wa kijiji, mti huo wa pili ndio tunaoutafuta. Nilijaribu mwaka jana na kichaka cha jamii ya mibuni nilichokijua kwa miaka thelathini. Simu ilinipa majina matatu, yote ya mimea ya Amerika. Zaidi ya hapo, picha haipasuki ukaona ndani ya ua, haina harufu, na haiwezi kutolewa kipande cha kupima vinasaba miaka hamsini baadaye. Tawi lililokaushwa linaweza.

Itumieni kama mlinzi wa mlangoni. Vijana wazunguke msitu, wapige picha, zile ambazo simu inasitasita ndizo wamwonyeshe mtaalamu kwanza. Mtamwokolea siku kadhaa za kazi. Mkituma iNaturalist, spishi zilizo hatarini mtandao wenyewe huficha mahali halisi, lakini kwa mti ambao haujapata jina fungeni wenyewe sehemu ya mahali kabla ya kutuma.

Na pigeni picha kamili. Wengi huniletea ua moja lililokaribiwa mpaka limejaa kioo, nikabaki sijui limetoka kwenye mti au kwenye mtambaa. Nataka kuuona mti wote ukiwa umesimama, gome kwa karibu, jani upande wa juu na upande wa chini, jinsi majani yalivyopangana kwenye kitawi, ua kwa mbele na kwa ubavu, na tunda kama lipo, hata lililoanguka. Wekeni rula au sarafu kando yake ili nijue ukubwa. Kila mti uwe na namba katika daftari, na namba iandikwe kwa penseli. Wino huyeyuka mvua ya kwanza ikinyesha.